Shule ya bure inalipwa na nani?



Mwezi wa Oktoba 2021 jambo lisilo la kawaida lilitokea Kinshasa. Watoto wa shule, mamia, walikwenda mpaka Jumba la Wananchi, pale Wabunge wanapokutania, wakaingia ndani kwa kelele nyingi. Hawakuomba mkate wala feza. Waliomba walimu wao. Mwaka wa masomo ulikuwa umeanza, lakini kalasi nyingi zilikuwa tupu, kwa maana walimu wengi wa shule za Serikali, zaidi wale wa shule za Kikatoliki, walikuwa wamegoma.

Habari hiyo iligawanya watu. Wengine walisema: «Walimu hawa hawana huruma. Wanamwadhibu mtoto kwa kosa la Waziri.» Wengine walijibu: «Mwalimu naye ana watoto. Nani atawalisha?» Maneno hayo yalisikika sokoni, na mbele ya kanisa baada ya Misa, na hata katika nyumba moja baba alisema hivi na mama akasema vile. Tangu siku hiyo migomo mingine imekuja. Septemba 2024, kalasi zilipofunguliwa, walimu wa shule za msingi wa sehemu mbalimbali, hata wa Kivu ya Kusini, walibaki nyumbani, wengine wakidai dola 500 kwa mwezi.

Tunataka kulichungua neno hili polepole, bila hasira. Tunauliza hivi: mwalimu anayesimama kudai shule njema na yenye haki kwa wote, je, anatimiza kazi yake ama anaiacha? Na sisi wengine, wazazi na Wakristu wa parokia, tuko upande gani katika kesi hiyo?

I. Shule hii ni ya nani?

Kwanza tujue tunasema juu ya kitu gani. Wengi bado wanafikiri kwamba shule yenye jina la mtakatifu ni mali ya Mapadri, na shule yenye jina la Serikali ni mali ya wakubwa wa Kinshasa. Sivyo.

Zamani misioni zilianza shule kwanza. Mwaka 1906 Vatikano na Leta ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili walifanya mapatano: misioni zitapewa mashamba, nazo zitafungua shule. Baadaye Serikali ya Ubeljiji ilizisaidia shule za misioni za Kikatoliki kwa feza, lakini shule za Waprotestanti zilingoja mpaka baada ya vita kuu ya pili ili zipate msaada wa namna ileile. Mwaka 1954 Waziri Buisseret alianzisha shule za Serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika, na magomvi makubwa yakatokea. Tazameni basi: tangu mwanzo, neno la haki katika shule lilikuwa neno la kudaiwa. Haikutokea hata mara moja kwamba haki hiyo ilikuja yenyewe, bila mtu kuisemea.

Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilizichukua shule zote za makanisa. Haikupita miaka mitatu, ikaona kazi ni nzito. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya makubaliano na makanisa: shule zinabaki za Serikali, walimu wanalipwa na Serikali, lakini makanisa yanazisimamia. Ndiyo sababu tunasema «shule za makubaliano». Mwalimu wa shule ya Kikatoliki ya namna hiyo ni mtumishi wa Serikali kama mwenzake wa shule nyingine, na mtoto wa Mwislamu au wa Mprotestanti anayo haki ya kuketi ndani yake. Kanisa ni msimamizi tu. Wenye shule ni wananchi wote.

II. Namna wazazi walivyogeuka Serikali

Miaka ya 1980 feza za Serikali kwa shule zilianza kupungua. Mwanzo wa miaka ya 1990 nchi ilianguka katika machafuko. Bei ya vitu ilipanda kila juma, na mshahara wa mwalimu haukuweza tena kununua kitu. Walimu waligoma muda mrefu. Ndipo wazazi na wasimamizi wa shule, hata maaskofu wetu, walipotafuta njia ya kuwaokoa watoto: wazazi watatoa feza kidogo ili mwalimu aendelee kufundisha. Ikaitwa «motivasyo», maana yake kitu cha kumtia mwalimu moyo.

Tusiwahukumu vibaya watu wa wakati ule. Nyumba ikiwaka moto, hukai kuuliza ndoo ni ya nani. Bila motivasyo shule nyingi zingefungwa kabisa. Lakini dawa ya siku moja iligeuka chakula cha kila siku. Mwaka baada ya mwaka, kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini na mitano, mzazi ndiye aliyelipa. Na feza yake haikubaki kwa mwalimu tu. Sehemu ilipanda ngazi: kutoka shule mpaka ofisi ya chini, kutoka ofisi ya chini mpaka ofisi ya juu, ofisi za Serikali na ofisi za makanisa pia. Kila mmoja alikata kipande chake. Wengi walizoea, na aliyezoea kipande hapendi mkate uondolewe mezani.

Katika miaka hiyo nani aliumia? Wa kwanza ni msichana. Mzazi aliye na makuta ya watoto wawili tu, naye ana watoto wanne, mara nyingi alichagua wavulana. Wa pili ni mtoto wa kijijini. Mjini wazazi walitoa feza nyingi kidogo, na mwalimu wa mjini aliweza kuishi. Kijijini wazazi walitoa kuku, mihogo au ahadi. Kwa hiyo walimu wenye akili nyingi walikimbilia mjini, na kijiji kikabaki na mwalimu aliyekosa nafasi mahali pengine. Shule ya Serikali, ambayo ni lazima iwe moja kwa wote, iligawanyika kama soko: mwenye feza apate kizuri, asiye nayo apate makombo.

III. Siku neno «bure» lilipofika

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inaagiza kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za Serikali. Neno hilo lililala katika kitabu miaka kumi na mitatu. Septemba 2019 Serikali ya Rais Félix Tshisekedi iliamuru lianze kutimizwa. Wazazi walifurahi, na walikuwa na sababu. Watoto waliorudi shuleni, au walioingia mara ya kwanza, wanahesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kwa kuisaidia kazi hiyo.

Sasa tupige hesabu ya nyumba moja. Tuseme kuna mama anayeuza sambaza sokoni Bukavu. Ana watoto wanne. Kabla ya 2019 wavulana wawili walisoma. Msichana mkubwa alibaki kukaanga samaki na kumbeba mdogo mgongoni. Katika Septemba ile mama alimvisha msichana nguo ya shule, akampeleka. Siku hiyo alishukuru Mungu kweli.

Lakini mama huyo ana ndugu yake mwalimu, katika shule ileile. Huyo mjomba alikuwa akiishi kwa vitu viwili: mshahara mdogo wa Serikali, na motivasyo ya wazazi. Motivasyo ilikatwa siku moja. Mshahara wa Serikali uliongezwa kidogo tu, na mjini nyongeza hiyo haikujaza shimo. Kalasi yake iliyokuwa na watoto hamsini sasa ina watoto mia, wanne watano juu ya benchi moja, wengine chini. Zamani mjomba ndiye aliyewanunulia watoto wa dada yake madaftari. Sasa anakuja kwa dada yake jioni kuomba unga.

Katika kalasi inayofuata yuko mwalimu mwingine, kijana. Amefundisha mwaka wa tatu. Jina lake halijaandikwa katika orodha ya malipo ya Serikali. Zamani aliishi kwa motivasyo peke yake. Sasa hana mshahara, wala hana motivasyo. Watu wa namna yake ni wengi katika nchi nzima. Ofisi zinawaita «nuvelesi yuniti», maana yake wapya, ingawa mmoja na mwingine wamekwisha kuota mvi katika upya huo.

Basi tuulize tena: msichana yule anasoma bure. Nani analipa? Kwa upande mkubwa ni mjomba wake. Feza ambayo mama hakuitoa haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka katika sufuria ya mwalimu. Na sehemu nyingine analipa msichana mwenyewe, kwa maana katika watoto mia mwalimu hamwoni, na daftari lake halisahihishwi.

Hatusemi kwamba masomo ya bure ni mabaya. Ni haki ya mtoto, na mtu yeyote asitamani kurudi nyuma. Tunasema kwamba neno «bure» ni la kweli kwa mtoto tu. Kwa nchi hakuna shule ya bure. Ama watu wote wanailipa pamoja, kila mmoja kwa nguvu yake, kwa njia ya kodi na mali ya nchi. Ama wanaachiwa wanyonge waibebe. Mtu akitoa sadaka, aitoe katika mfuko wake mwenyewe. Sadaka inayotolewa katika mfuko wa jirani ina jina lingine, nalo limeandikwa katika Amri za Mungu.

IV. Deni na fadhili

Tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna fadhili na kuna deni. Nikikupa shati kwa kukuhurumia, hiyo ni fadhili. Wewe sema asante. Lakini ukinilimia shamba siku sita, feza ninayokupa ni yako tangu jasho lako lilipoanguka chini. Nisipokupa, siwezi kusema nimepungukiwa na ukarimu. Nimeiba. Mtume Yakobo, katika barua yake, anawaambia matajiri waliozuia ujira wa wavunaji kwamba kilio cha hao kimefika masikioni mwa Mungu. Na mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi kwa kuwa yamekubaliwa tu. Mshahara ni lazima umwezeshe mfanyakazi kuishi kama mtu. Mwenye njaa hukubali chochote. Kukubali kwake si ushuhuda kwamba ametendewa haki.

Wako wanaojibu: «Ualimu ni wito. Mwalimu wa kweli hatazami feza.» Maneno haya yana uzuri, na mara nyingi yanasemwa na watu walioshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ndiyo, ualimu ni wito. Padri naye ana wito, lakini Mtume Paulo anasema wazi kwamba anayetumikia altare ana haki ya kuishi kwa altare. Mwalimu wa misioni ya zamani mara nyingi alikuwa na nyumba na shamba, na Wakristu walimletea mavuno. Hawakumwambia: «Ishi kwa wito.» Wito unamfanya mtu aipende kazi yake hata ikiwa ngumu, haumpi mwajiri ruhusa ya kutumia upendo huo kama njia ya kutolipa.

Zaidi ya hayo, njaa ya mwalimu haikai nyumbani kwake. Inaingia naye kalasini. Mwalimu ambaye hajala anaketi. Anatoka saa nne kwenda kuuza mkaa au kubeba watu kwa pikipiki. Mwingine anaanza kuuza alama, au anamwambia mtoto kwa siri: «Mwambie baba anione.» Hapo motivasyo imerudi kwa mlango wa nyuma, bila risiti, na mtoto wa mwenye feza anapata tena mahali pa mbele. Kosa la mwalimu huyo ni kosa kweli, na hatulifuniki. Lakini anayetaka kuliondoa aanze kwenye mzizi.

V. Mgomo na mtoto

Sasa tunafika penye neno gumu zaidi. Tuseme madai ya mwalimu ni ya haki. Je, ana ruhusa ya kugoma?

Kanisa halikukataza mgomo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili mwaka 1965, na Papa Yoane Paulo wa Pili mwaka 1981, walikubali kwamba wafanyakazi wanaweza kuutumia kwa kutetea haki zao, lakini kama silaha ya mwisho, njia nyingine zikiisha, na bila kuacha watu wakose mambo ya lazima kwa maisha yao. Basi sherti madai yawe ya kweli. Sherti wawe wamesema, wameandika, wamengoja jibu. Na madhara yasiwe makubwa kuliko haki inayotafutwa.

Sherti hilo la mwisho ndilo linalotusumbua. Wafanyakazi wa kiwanda wakigoma, mwenye kiwanda anaona hasara jioni ileile, naye anakuja kuzungumza. Mwalimu akigoma, nani anaona hasara? Si Waziri. Watoto wa wakubwa wengi wako katika shule za kulipa, ama ng'ambo. Anayeumia ni msichana wa mama muuza sambaza. Pigo linaelekezwa juu, linaangukia chini. Na mwaka wa mtoto haufanani na mwaka wa pamba, kwamba msimu huu ukiharibika tutapanda tena. Mtoto wa miaka saba ana miaka saba mara moja tu. Miezi mitatu bila masomo, anasahau kusoma. Msichana wa miaka kumi na minne akikaa nyumbani miezi mitatu, pengine harudi kamwe.

Kwa hiyo walimu wenyewe wana wajibu mzito. Wasigome kwa haraka. Wasidai mshahara tu na kusahau kalasi; wadai vyote pamoja, kwa maana kalasi ya watoto mia ni dhuluma kwa mtoto kama mshahara mbaya ulivyo dhuluma kwa mwalimu. Walimu wa mjini wasiwasahau wa kijijini, ambao wengine hutembea mbali sana kufuata mshahara wao. Mahali pasipo benki Caritas ilipewa kazi ya kuwapelekea malipo, na hata hivyo safari ni ndefu. Walio katika orodha ya malipo wasiwasahau wasioandikwa. Sendika inayowapigania wanachama wake tu ni duka. Inayopigania shule nzima ni yenye haki ya kusikilizwa na wote. Na mgomo ukifika, watafute namna ya kuwalinda watoto walio karibu na mitihani.

Lakini ukiisha kuwaambia walimu hayo yote, swali moja linabaki, na linatugeukia sisi. Kwa nini mwalimu hana silaha nyingine? Kwa sababu alisema, na hakuna mtu aliyesema pamoja naye. Mwalimu akiandika barua peke yake, ofisi inaitupa. Ikiwa chini ya barua ile kuna majina ya wazazi mia tatu, na jina la paroko, na la chifu, na la mchungaji wa Waprotestanti, na la imamu, ofisi itaisoma mara mbili. Tangu 2019 wazazi wengi tumefurahia «bure» na kunyamaza. Tulipoona mwalimu amekonda, tulitazama pembeni, kwa maana kukonda kwake kulitupunguzia matumizi. Kisha alipogoma, tulimlaani. Ule ukimya wetu ndio uliomwachia silaha moja tu, nayo ni ile inayomjeruhi mtoto. Watoto walipokwenda kwa Wabunge, walikwenda mahali ambapo wakubwa wao walipaswa kwenda kabla yao.

VI. Majirani wanatuambia nini

Wengine watasema: «Kongo haiwezi. Masomo ya bure ni ndoto.» Tuwatazame jirani. Uganda iliondoa feza za shule za msingi mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001, Kenya mwaka 2003, Burundi mwaka 2005. Kila mahali jambo lilelile lilitokea: watoto walifurika kama maji ya mto, kalasi zikajaa, walimu wakachoka, wazazi wenye uwezo wakaanza kuwatoa watoto wao na kuwapeleka shule za kulipa. Wala huko nako shida hazijaisha. Lakini hata nchi moja kati ya hizo haikurudisha mlango. Somo tunalolipata ni kwamba kufungua mlango ni kazi ya siku moja, na kuitunza nyumba ni kazi ya miaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nchi inayotaka watoto wote wasome sharti iinamishe matumizi yake: ipunguze safari na magari ya wakubwa, ijenge kalasi, ilipe walimu wote wanaofundisha kweli, na iwafute wale wasiokuwako. Mwaka 2021 wakubwa wa ofisi za elimu walihukumiwa Kinshasa kwa wizi wa feza za Serikali, pamoja na mambo ya shule na walimu wa uongo. Kila mwalimu wa uongo katika orodha anakula mshahara wa mmoja wa wale vijana wasioandikwa.

Hatukusema hapa juu ya vita vilivyofunga shule nyingi za Kivu mwaka 2025. Hilo ni jeraha jingine, lakini haliondoi deni. Mtoto aliyekimbia risasi anadaiwa mwalimu zaidi ya mwingine.

VII. Tufanye nini?

Mtu atauliza: «Mimi ni mkulima, Kinshasa ni mbali. Nitafanya nini?» Tunajibu kwa mambo manne yaliyo karibu.

La kwanza: kila shule ina komite ya wazazi, COPA, na baraza la kuisimamia, COGES, ambamo wazazi pia wanaketi. Katika shule nyingi komite hiyo ni majina matatu yaliyochaguliwa na direkta. Nendeni siku ya kuchagua. Chagueni watu wasioogopa kuuliza, na kati yao wawemo akina mama.

La pili: ombeni hesabu ibandikwe mlangoni. Serikali imetuma feza gani za kuendesha shule? Imenunuliwa chaki ngapi, bati ngapi? Walimu wangapi wanalipwa, wangapi hawalipwi? Direkta mwema hataogopa karatasi hiyo; itamlinda. Na sisi Wakatoliki tuanze kwetu. Shule zinazosimamiwa na Kanisa ziwe za kwanza kuonyesha hesabu, na ofisi zetu zikumbuke kwamba nazo zilikula kipande cha motivasyo. Anayetaka kumnyoshea Waziri kidole aoshe kwanza mkono.

La tatu: mwalimu asiyelipwa aliye katikati yetu asiachwe peke yake. Kumlimia shamba siku moja, kumpa mahali pa kulala, kumpa sehemu ya mavuno, hiyo ni fadhili njema. Lakini iwe fadhili ya wazi na ya hiari, isiwe tena sherti la mtoto kuingia kalasini. Na tunapomsaidia tusiache kumdai mwenye deni. Fadhili isiyofuatana na kudai haki inamfurahisha mdaiwa, kwa maana tunamlipia.

La nne: walimu wanapoandika madai yao, waombeni wayasome mbele yenu. Ikiwa ni ya haki, tieni majina yenu. Ikiwa yamesahau watoto, waambieni wayarekebishe kabla. Mwambieni Mbunge atakapokuja kuomba kura: «Kalasi ya shule yetu ina watoto wangapi? Mwalimu wake analipwa?» Asipojua, mmejua ninyi namna ya kupiga kura.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu la kwanza. Mwalimu anayedai shule njema kwa watoto wote haachi kazi yake. Anafundisha somo ambalo halimo kitabuni: kwamba haki ni deni, na deni hudaiwa kwa sauti, kwa ukweli, bila kumdhulumu aliye mdogo. Lakini somo hilo ni zito mno kwa mwalimu mmoja. Akiachwa alibebe peke yake, atachoka, ama atamwangushia mtoto. Na mzigo wa mtoto wetu ni wetu kabla ya kuwa wake. Basi jumapili ijayo, mkitoka kanisani na kumkuta mwalimu wa watoto wenu pale mlangoni, msimwulize kwanza: «Mgomo utaisha lini?» Mwulizeni: «Mwalimu, barua yenu imefika wapi, na majina yetu tuyatie mahali gani?»